Mpira wa Kimarekani Sebuleni Kwetu Al Baraha

Baba yangu mpenzi,

Sikai. Tangu uondoke sijui kukaa kitako. Naketi kwenye kochi, nainuka. Nachemsha chai, inapoa mezani, naimwaga. Juzi treni ya hapa Dubai ilinipitisha kituo cha ofisini nikiwa nimesimama mlangoni, macho wazi kabisa, nikashuka mwisho wa safari na kubaki juani nikijiuliza nimefuata nini. Makabati nimeyapanga, nikayapangua, nikayapanga tena. Mwenzangu wa ofisini, Mwende, yule Mkenya, aliniangalia leo nikizunguka kati ya meza na dirisha akasema, "Dada, si uketi, unanipea kizunguzungu." Basi nimeamua nikuandikie. Pengine mikono ikipata kazi, miguu itatulia.

Unakumbuka ulipotoka hospitali baada ya kile kiharusi cha kwanza? Mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Dada wa Kihindi wa mazoezi ya viungo alikuletea mpira mdogo wa kufinya, ukautupa chini ya kochi mbele yake. Alipoondoka ukanambia, "Mimi si mtoto mchanga. Mwambie asije tena." Wewe uliyesimamia mizigo bandarini miaka nenda rudi, uliyekuwa ukijibizana na manahodha kwa lugha zao, sasa vifungo vya kanzu nakufungia mimi. Kwa hiyo ukanyamaza. Nikirudi kazini nakukuta umeikabili runinga iliyozimwa. Napika, nakulisha, nafua, nazungumza peke yangu.

Jioni moja, kwa kukosa la kufanya, nikawasha mashine ya gemu ya Nassor. Mdogo wangu aliiacha alipokwenda kusoma Marekani, na ndani yake mlikuwa na gemu moja tu, la mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Alilinunua alipokubaliwa chuoni, kwa sababu chuo chake kimo humo, na uwanja wake na jezi zake, akataka apaone kabla hajafika.

Jina lake lilikuwa halitajwi tena nyumbani. Mama alipofariki hakuja. Maziko hakuna aliyetegemea atayawahi, lakini hitima ilisomwa, siku zikapita, watu wakaja na kuondoka, na wewe ukaendelea kuutazama mlango. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja. Angetoka, hakuwa na hakika ya kurudi darasani. Nilikueleza. Ukasikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Mimi sina mtoto Marekani." Ukaenda kutawadha.

Sasa siku hiyo nikakuwekea padi ya kuchezea mapajani. Ukaitazama kama samaki asiyejulikana.

"Hichi kitu gani?"

"Tunacheza mpira, Baba."

"Mpira gani huu wa kukumbatiana?"

Nikakueleza nilichokijua, na sikujua kingi. Kwamba wana majaribio manne ya kwenda yadi kumi, wakishindwa wanawaachia wenzao mpira. Ukaangalia wanavyoangushana, wanasimama, wanakutanisha vichwa, wanajipanga upya. "Hawa wanacheza au wako mkutanoni?" ukauliza. Kisha ikaingia bendi ya chuo uwanjani, matarumbeta na ngoma kubwa, sare zinang'aa, na nikaona mdomo wako unaanza kucheza upande mmoja. "Wana beni!" ulisema. "Wallahi wana beni hawa, kama za kwetu zamani." Ilikuwa mara ya kwanza kukuona unacheka tangu Mama.

Ukaanza kucheza. Kidole gumba cha kushoto ndicho kinachomwongoza mchezaji, na hicho kilikuwa kizima. Lakini kitufe cha kumkimbiza kiko nyuma ya padi, upande wa kulia, panapotakiwa kidole cha shahada cha mkono uliolala. Kwa hiyo mchezaji wako akipata mpira alikuwa akijikongoja tu, anakwenda kama mtu aliyetumwa ndizi sokoni, huku majitu yanamjia mbio kutoka kila upande.

"Mbona huyu hakimbii?"

"Bonyeza kile cha nyuma."

"Nabonyeza."

Hukuwa unabonyeza. Kidole kilikuwa kimelala pale juu, na wewe umekikazia macho, jasho linakutoka kwenye paji. Nilitaka nikusaidie, ukanipiga kwa kiwiko. Jioni hiyo walikuangusha kila mara, na zilizofuata vilevile. Lakini nilikuwa nikirudi kazini nakuta runinga imeshawashwa na wewe unanisubiri nikuwekee padi vizuri mkononi.

Mpaka siku ile niko jikoni nakaanga samaki nikasikia ukelele. Nikatoka mbio na mwiko, nikidhani umeanguka. "Tazama! Tazama, Rukia! Anakimbia!" Na kweli alikuwa anakimbia, Baba, anakata uwanja mzima, amewaacha wote nyuma, na kidole chako kimekunjika juu ya kitufe, kinatetemeka, lakini kimekunjika. Samaki waliungua. Tulikula mkate na chai siku hiyo, na mkate ukaumega mwenyewe kwa mkono wa kulia.

Hapo ndipo ukaanza kuchagua timu. "Weka kile chuo," ukasema.

"Kipi?"

"Kile."

Sikuuliza tena. Nikaweka chuo cha Nassor. Gemu likatuletea uwanja ukiwa na theluji, vipande vinashuka juu ya kofia za wachezaji, watu wamejifunika mablanketi. Ukaiweka padi pembeni. Kisha ukasema, polepole, "Ana koti?"

Nikajibu, "Analo."

"Zito?"

"Sijui, Baba. Nitamuuliza."

Kesho yake nilimpigia Nassor nikiwa kituoni nasubiri treni. Nikamwambia yule mwenzake wa chumbani si ana mashine kama yetu, basi Ijumaa amwazime, afungue gemu, acheze na Baba kwa mtandao. Akasema, "Baba hataki kuniona, dada." Nikamwambia, "Hutaonekana. Mtacheza tu."

Ijumaa baada ya magharibi, huko kwao ni asubuhi, nikakwambia kuna mtu anataka kucheza na wewe.

"Nani?"

"Mtu wa Marekani."

Ukaniangalia mimi, ukaiangalia runinga, ukairekebisha kofia kichwani kama unayekwenda barazani. "Mwambie aanze."

Ulijua ni nani, wala mimi sikudhani nimekudanganya. Ijumaa nyingi mlicheza hivyo, baba na mwana, bila neno. Mtandao wenyewe mzito, wachezaji wanaganda, wanaruka, mpira uko hewani haushuki. Alikuwa anakushinda, unakunja uso. Baadaye ukaanza kumshinda wewe, nikashuku anakuachia, nawe ukashuku pia, maana siku moja ulifoka, "Acheze kweli! Mimi si mgonjwa!" Nikamwandikia kwenye simu yake. Akacheza kweli. Akakufunga vibaya, ukalala umefurahi.

Halafu ikaja Ijumaa ile. Mko katikati ya mchezo, wachezaji wake wamejipanga na hawaanzi. Saa ya gemu inakwenda, wao wamesimama tu. "Huyu vipi?" ukauliza. Nikavaa hedifoni nimsikilize, kumbe maikrofoni yake ilikuwa wazi. Nikasikia pumzi. Nikacheka, nikakuvalisha wewe hedifoni nikisema, "Amelala, Baba. Anafanya kazi usiku kwenye maktaba, amepitiwa."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nichukue simu nimwamshe. Ukanikamata. Kwa mkono ule wa kulia, na ulikuwa na nguvu.

"Mwache," ukasema. "Anakoroma vilevile tangu mdogo."

Ukakaa pale, hedifoni masikioni, macho umefumba, unamsikiliza mwanao akilala upande wa pili wa dunia. Mimi niliketi chini karibu na miguu yako, sikuthubutu hata kuzima kiyoyozi. Alipoamka nilijua kwa uso wako tu. Ukaweka mkono kwenye kile kijiti cha maikrofoni ukakisogeza karibu na mdomo.

"Umeamka? Umekula?"

Sikusikia alivyojibu. Niliona mabega yako tu. Kisha ukasema, "Basi, mwanangu. Khalas. Nyamaza. Tucheze." Na mkacheza, na hakuna aliyejali nani anashinda.

Ningependa niishie hapo, Baba. Kwa watu wote wanaokuja kunipa pole naishia hapo, wanalia kidogo, wanasema Mungu mkubwa. Lakini kuna lingine, na ndilo linalonitembeza nyumba hii ukuta kwa ukuta.

Muda mfupi kabla hujaondoka, nilikuwa jikoni nikakusikia ukimwambia kwenye hedifoni, "Nikifa usije. Unanisikia? Usije. Maliza ulichokwenda kufanya. Mimi nimekuridhia." Nilisimama na sufuria mkononi. Nilifurahi kwa ajili yake, nakuapia. Lakini papo hapo nikaona uchungu. Yeye umemfungulia mlango, aende, asirudi nyuma. Mimi je? Mimi ninayekuosha, ninayekuamsha, niliyemjibu Sir, mkuu wetu wa ofisini, kwamba siwezi kwenda tawi la Dar es Salaam kwa sababu baba yangu mgonjwa? Nilisubiri uniite. Jioni ile, na kesho yake. Uliniita unitume maji.

Ukafariki asubuhi, baada ya alfajiri, kiharusi cha pili hakikunipa hata muda wa kukugeuza. Nassor hakuja. Alitii. Na mimi nikamchukia kwa kutii kwake, nikamkatia simu kila alipopiga, nikaacha ujumbe wake bila kusomwa. Shangazi Zuwena akanichukua kwake Rashidiya, akaniwekea chumba kile cha wageni. "Utakaa na mimi," akasema, "mpaka upate mtu wako." Nililala huko siku chache. Nikawa naamka nazunguka na kwake pia. Nikarudi Al Baraha.

Wiki iliyopita Sir akaniita. Ile nafasi ya Dar haijapata mtu. "Yalla, Rukia, this time yes or no. Until Thursday." Ndiyo au hapana, mwisho Alhamisi. Nikatoka pale miguu inaniwasha. Nimezaliwa Dubai, Baba. Dar naijua kwa likizo na harusi tu. Kiswahili changu chote ni chako na cha Mama, cha ndani ya sebule hii. Shangazi alipopata habari alipiga simu ananifokea: "Mtoto wa kike, peke yako, Dar? Baba yako angekubali?"

Hilo swali ndilo lililonifanya nimpigie Nassor. Sikumsalimia hata. Nikamwaga yote, kwamba yeye alipewa radhi na ruhusa mkononi, mimi nimepewa nyumba tupu. Nililia kwa hasira, nikaongea mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Baba hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Akanieleza. Siku moja nimeteremka kununua mkate, mko kwenye gemu, ukamwuliza kama anaijua Dar es Salaam ya siku hizi. Akasema haijui. Ukamwambia, "Dada yako wamemtaka kazi huko, kakataa. Hajaniambia. Nilimsikia akizungumza na simu varandani." Akakuuliza, mbona humwambii aende? Na wewe, anasema Nassor, ukaacha mchezo, ukasema, "Kwa sababu ataniitikia. Akenda, mimi nitabaki na nani? Nangoja nipate ujasiri."

Baba, hilo nimelibeba siku zote hizi. Kuna saa linanipoza, kwamba ulijua, ulinisikia kule varandani nikiikataa kazi kwa sauti ndogo ili usisikie. Kuna saa linanipandisha hasira nataka nikutikise mabega. Ungesema tu! Ningekwambia naam, kisha nisiende, na tungekuwa tumelisema. Halafu nakumbuka uso wako pale kwenye kochi, mtu mzima aliyeogopa jioni ikiingia na mlango usifunguliwe, na hasira inaniponyoka. Nainuka natembea. Narudi naketi. Hivi ndivyo ninavyoishi.

Nassor hakunishauri kitu. Alisema tu, "Dada, ujasiri hakuupata. Usimngoje."

Leo ni Alhamisi. Asubuhi niliingia kwa Sir nikamwambia ndiyo. Sauti ilitoka ya ajabu, hata Mwende aligeuka. Akaja akanikumbatia, akasema, "Enda tu, dada. Enda kabla hujabadilisha mawazo." Jioni nimemwambia Shangazi. Amelia, kisha ameniuliza kama kule nitapata mashuka mazuri au anifungashie. Mwezi ujao nakabidhi nyumba.

Sitasema kwamba umenipa ruhusa, Baba. Hukunipa. Nimejipa mwenyewe, na sina hakika hata sasa ninapoandika kwamba nimefanya sawa. Ila nimeshasema ndiyo, na sitairudisha.

Mungu akulaze penye nafasi na nuru, wewe na Mama. Nikifika nitawaombea kwa sauti, maana huko, nasikia, majirani hawakasiriki kama hawa wa ghorofa hii.

Mimi binti yako mkubwa,
Rukia