Vitenzi Ambavyo Sikumfundisha Theopista

Mwamkulu,
Mpanda – Katavi.
24 Agosti 2025

Mpendwa kaka Mwandu,

Salamu nyingi kutoka Mwamkulu. Mnaendeleaje huko Liwale, wewe, wifi Helena na watoto? Ng'ombe wanapata maji? Mgongo wako umetulia? Sisi ni wazima. Shemeji yako Zefania bado anagombana na majirani kuhusu mipaka ya majaruba ya mpunga, kwa hiyo ujue afya anayo.

Kaka, wiki iliyopita ulisema kwenye simu kwamba Theopista ameanguka Kiingereza kwenye mtihani wa majaribio wa Kidato cha Pili, basi aache shule, Luhende, mchungaji uliyemwacha huku, aje amchukue akuletee. Nikaitikia "sawa kaka". Haikuwa sawa. Naandika kwa sababu kwenye simu ningeishia kukuuliza habari za mvua.

Ulipohama na ng'ombe mwezi Machi uliniachia binti kwa jambo moja. Mimi niliyefundisha Kiingereza miaka tisa, nimweleweshe aina za vitenzi, maana ndipo alipokwama. Niliahidi kila jioni. Nilimfundisha jioni mbili tu. Kisha mpunga ukatoa masuke, kwelea kwelea wakashuka, nikawa nampandisha ulingoni kufukuza ndege kila akitoka shule. Jioni amechoka, nami nimechoka, nasema kesho.

Siku moja nikamsikia kule juu akiimba "go, went, gone" huku akigonga debe. Nikakupigia simu usikie. Ulifurahi mno, ukamwagiza Luhende aniletee mtamba wa shukrani kutoka kwenye zizi lako la huku analolitunza. Nikampokea, Mungu anisamehe, na nilijua mtoto amekariri tu. Hakujua kitenzi kipi ni cha tendo, kipi kinasaidia kingine, kipi hakikamiliki bila mtendwa. Mtihani ulipomtaka avitenganishe, aliacha karatasi nyeupe. Mtamba nimeshamrudisha zizini.

Ulipomuuliza binti kwenye simu kwa nini ameanguka, nilikuwa nimekaa naye mkekani. Akakujibu, "Shangazi amenifundisha vizuri baba, ni mimi tu sikushika." Nikamwacha aseme hivyo. Mtu mzima mimi, nikajificha nyuma ya mtoto. Naona aibu hata kuliandika.

Tangu Jumatatu tumeanza upya, na safari hii sikosi. Jana nilimwandikia "She is pounding rice", nikamuuliza hiyo "is" inafanya nini. Akafikiri, akasema inamsaidia mwenzake aliye mbele. Nikaandika "She is tired". Akasema hapa haina wa kumsaidia, inamuunganisha tu mtu na hali yake. Siku sita tu, kaka. Ningeanza Machi angekuwa wapi sasa?

Luhende alifika jana kumchukua. Nimekataa. Anakuja huko peke yake na barua hii, usimkasirikie. Mtihani wa taifa ni Novemba, naomba umwache aufanye. Ukitaka kunisema mbele ya ukoo mzima, nitakuja nikae nisikie.

Lakini kabla ya hayo yote mpigie simu binti yako, umwambie kosa si lake. Mimi nimemwambia mara tatu, anadhani namfariji.

Msalimie wifi Helena, mjomba Manyanda na watoto wote. Mungu awalinde ninyi na mifugo yenu.

Dada yako akupendaye, hata kama nilikudanganya,
Matilda