Dari ya Behewa la Daraja la Kwanza

Jumatatu, 2 Machi 1987

Barua ya mhariri wa chama cha wapenzi wa reli imefika. Sura yangu ya kitabu chao kuhusu mabehewa ya anasa ya reli nyembamba za milimani imekubaliwa — isipokuwa ukurasa mmoja. Nimeandika kwamba dari ya behewa la daraja la kwanza lililopanda Mau ilichongwa Nairobi mwaka 1938 na kaka yangu, Zulfikar. Mhariri anadai ilitoka Uingereza kwa meli. Anataka shahidi. Shahidi! Shahidi hunywa chai jikoni kwangu, hapa Kilburn, kila jioni.

Jumatano, 4 Machi

Nimemweleza Kaka. Akacheka, akakumbuka yote. Mlima mkali, injini ndogo, kila ratili ilipimwa. Wakubwa walitaka dari nzito ya kifahari. Yeye akachonga mbao nyembamba kama ganda la kitunguu, akazigandisha juu ya turubai. Abiria waliamini ni gogo zima. Nikasema mhariri atakuja Jumamosi na kinasa sauti. Kicheko kikakatika. Chai hakuimaliza.

Jumamosi, 7 Machi

Aibu. Mhariri aliuliza kwa adabu. Kaka akajibu kwamba yeye katika karakana ya reli alifagia tu. Alifagia! Nikamfuata ukumbini.

"Kaka, umenifanya mwongo mbele ya mgeni."

"Piga hesabu, Mwalimu. Pasipoti yangu inasema nimezaliwa lini?"

1928. Nilikuwa nimesahau. Tulipofika Uingereza mwaka 1968 viwanda havikumtaka mtu wa miaka arobaini na minane, naye akajipunguzia minane kwa kiapo mbele ya wakili. Basi kwa pasipoti, mwaka 1938 alikuwa mtoto wa miaka kumi. Leo umri wake wa kweli ni sitini na saba, bado anabeba masanduku ghalani Stratford.

Likichapishwa jina lake, anasema, ataitwa Croydon, ofisi ya uhamiaji. Watamrudisha wapi, na kwetu Mombasa hana hata mlango?

Jumapili, 8 Machi

Hasira tangu asubuhi. Miaka thelathini na mmoja nilikata alama za wanafunzi kwa tarehe moja tu yenye kosa. Nimeandika upya mara tatu. "Fundi mmoja wa Nairobi" — huyo ni nani? "Zulfikar, mwaka 1948" — behewa lilikwishazeeka.

Kaka amekuja, amesoma akiwa wima, koti mwilini. Ameuliza kama jina la marehemu Baba halifai. Nimemkumbusha kwamba Baba alitengeneza vitanda. Behewa hakuwahi kuligusa.

"Yeye hawatamwita Croydon," akasema.

Mhariri atapiga simu saa kumi. Imebaki dakika tano. Kaka amevuta kiti karibu na simu. Nimekwisha kuandika herufi ya kwanza ya jina la Baba, na simu inalia kabla sijafika ya pili.