Kidole cha Kardinali

Roma, Mei 1764

Wifi yangu Orsola,

Jibini yako ilifika salama, tumeila na maharage mabichi.

Ile picha ya Kardinali imetundikwa ukumbini, pale ninapopiga deki. Mwenyewe alikaa saa moja tu, akachorwa uso. Kwa joho na mikono, mchoraji alimkalisha mtu mwingine, kama kawaida yao, na mtu huyo alikuwa kaka yako Gaspare. Wiki mbili fundi viatu wetu alivaa pete. Akirudi nyumbani ananinyooshea mkono: "We Celestina, busu kwa adabu, unaongea na Kardinali."

"Kardinali gani ananuka gundi?"

Kardinali alipoiona picha aliuliza, "Kidole hiki kilichopinda ni cha nani?"

"Cha fundi viatu, Mwadhama. Nitakinyoosha."

"Kiache. Kimefanya kazi kuliko vyangu."

Sasa wageni wakipita wanauinamia mkono ule. Mimi nasimama na ufagio kama niko ndotoni, jua likiingia dirishani joho linakuwa kama linapumua, na kidole kinataka kuniita.

Wifi, barua tatu nimekuandikia kwamba Gaspare ana kazi nyingi, ndiyo maana haandiki. Homa ilimchukua Februari. Walizikwa wengi shimo moja, sijui yeye yuko upande gani.

Ukija, usiniulize kaburi. Njoo asubuhi, wageni hawajafika, nikupeleke ukambusu mkono.

Wifi yako,
Celestina