Shangazi, Ngolo Ulizichimba Wewe

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa sababu moja: nimeandika jambo lisilo kweli kuhusu kazi ya mikono yako, nami ninahitaji unisaidie kulifuta. Mwalimu wa dini atakayekusomea huko Mbamba Bay asinong'one. Majirani na wasikie, maana kosa lenyewe halikufanyika sirini.

Unakumbuka siku mliyoniaga nikienda chuo kikuu ng'ambo? Wajomba walitaka nisomee udaktari; baba alitaka karani wa boma. Nilipotaja anthropolojia, nikaeleza kwamba ni elimu ya watu na desturi zao, wewe peke yako ulicheka. "Kumbe unavuka bahari ukatusome sisi? Si ungebaki tukusimulie bure!"

Nakumbuka na zamani zaidi, mwezi wa Machi, ukungu ungali umelala juu ya kijiji chetu cha Kitura. Baba alikwisha kufyeka majani na kuyapanga chini kwa miraba, na kazi yake ikaishia hapo. Wewe na mama mliingia kila mraba, mkachimba udongo wa katikati na kuyafukia majani kandokando, hata mteremko wote ukajaa mashimo: ndizo ngolo zetu, zinazozuia mvua isichukue shamba. Nilikuwa nimekaa njiani mwako, ukanifukuza: "Ondoka hapo, baba, nitakufukia uote kama haragwe!"

Hayo niliyaona kwa macho yangu. Hata hivyo, mwaka jana niliporudi na daftari, wazee walinipa kiti barazani, nami nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa: nani hutengeneza ngolo? Wakajibu, "Sisi." Nikaandika. Ulipita wakati huohuo, jembe begani, tope hadi magotini, ukasema, "Msomi wetu, wakimaliza kukulimia hapo barazani, uje na shambani." Wote tukacheka. Nililichukua kuwa utani wa shangazi, na utani sikuuandika.

Taarifa niliyoiandika kutokana na daftari lile ilisifiwa. Kwa ajili yake ninafikiriwa nafasi ya msaidizi wa utafiti katika boma la Songea, nafasi ambayo kijana wa Kimatengo hajapata kuishika. Lakini Bwana Shamba aliisoma pia. Akawaita wanaume peke yao, akawauliza kama wako tayari kuacha ngolo na kulima matuta marefu. Walikubali upesi, kwa kuwa si wao watakaochimba, wala si wao watakaotazama udongo ukiteremka mtoni.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwambia kwamba nilikosea. Alivua miwani. "Basi nikuamini wewe wa mwaka jana, au wewe wa leo?" Nilisema, "Usiniamini mimi, bwana. Njoo umtazame anayechimba." Amekubali asubuhi moja tu, Jumamosi hii, kisha atatoa amri yake. Kuhusu nafasi yangu hakusema neno, nami sikuuliza.

Nimechoka, Shangazi. Nimechoka kuulizwa na kila mtu elimu hii itanifanya nani: mwalimu, karani, au mtu wa kupeleleza jamaa zake. Zamani nilikuwa na majibu mazuri, yenye maneno marefu. Siku hizi naona kazi yake ya kwanza ilikuwa kuinuka katika kile kiti cha barazani na kukufuata shambani, na hiyo sikuifanya.

Najua binti yako amejifungua juzi huko na anakuhitaji. Nakuomba siku mbili tu, uje uchimbe naye akitazama. Panda lori la samaki siku ya Ijumaa. Nitakungoja njia panda ya Mbinga. Miraba nitaipanga mwenyewe kabla hujafika, na ikipinda nitukane mbele ya Bwana Shamba. Jembe lako nimelitia mpini mpya.

Tukutane shambani kwako Kitura, Jumamosi, saa moja asubuhi.

Mimi, mtoto wa kaka yako