Papa Zacharie, Tuachie Hortense

Papa Zacharie, mwaka umezunguka tangu utuage, na duka lako kubwa karibu na stesheni lingali wazi. Vitenge viko chini, sufuria na mabeseni kando ya ngazi, juu baiskeli na sare za shule. Feni ya dari inapiga kelele zilezile. Hakuna duka lingine Kalemie ambapo mtu anaingia kutafuta kifungo, akapewa kiti, maji na habari zote za mjini.

Ulikuwa mwema, ila mkaidi kweli. Kitu cha mwisho kwenye rafu hukukiuza hata mtu alie. "Nikitosha hiki kwa rafu, watu batasema duka imekufa." Bibi harusi mmoja alikupigia magoti kwa ajili ya viatu vyeupe vya mwisho. Ulimwazima, akaolewa navyo, Jumatatu akavirudisha vimesuguliwa. Tunacheka mpaka leo.

Hortense, binti yako kifungua mimba, hacheki. Siku ya kumaliza matanga wazee walimkalisha kwenye kiti chako, arithi nafasi yako na jina lako, kama ilivyo desturi yetu. Alidhani ni heshima ya siku moja. Tangu hapo wateja humwuliza, "Papa Zacharie, leo kuko popelini?" Hata mjane wako, Mama Elisabeth, alijikuta anamwita "mume wangu", akaona haya.

Ghislain, mume wa Hortense, alipata kazi mji wa Manono, akatangulia na watoto. Hortense ameshapanga sanduku zaidi ya mara moja. Kila mara mdogo wako Ignace anamsimamisha mlangoni: "Papa Zacharie hakuachaka duka yake. Unaenda wapi?" Anarudi kukaa. Amekonda, Papa. Anatazama vile vitu visivyouzwa na kuona naye amewekwa rafuni.

Juzi bintiye mdogo, Syntiche, alimpigia simu kutoka Manono. "Mama, banasema weye njo babu sasa. Basi mama yangu iko wapi?" Hortense alilia mbele ya wateja, na hakuna aliyejua amfariji kwa jina gani.

Jioni ile Mama Elisabeth aliita kikao. Alimwambia Ignace, "Bwana yangu nilimuzika. Mutoto yangu musimuzike." Ignace alinuna. Anasema bila ruhusa yako haondoki mtu.

Ndiyo maana tunakuandikia. Jumapili, baada ya misa yako, tutamshika Hortense mkono na kumwinua kutoka kiti chako. Duka likifungwa, lifungwe. Tulilipenda, lakini yeye tunampenda zaidi.

Wanaokukumbuka: mke wako Mama Elisabeth; mdogo wako Ignace, ingawa amenuna; mkweo Ghislain na wajukuu walioko Manono; na Hortense, ambaye ni binti yako, siyo wewe.

Moyoni mwetu hutoki kamwe, Papa. Yeye mwache aende.