Nimepigwa Mimi, Imelipwa Boma

Arash

Mdogo wangu Safari,

Mgongo umeacha kukusumbua? Na mahindi ya hapo Endamarariek yamebeba? Mimi mzima, ila baridi, na sukari haionekani. Anayeandika ni mwalimu wa kike wa hapa. Nimemwambia asininyooshee maneno.

Si nilikuja kumwangalia binti yangu alipojifungua? Nikakaa. Maziwa yao nimeyazoea, na majirani. Sasa jirani mmoja, Nashipai, mumewe alimpiga akiwa na kichanga mgongoni, akamvunja mkono. Huku Umasaini wanawake wa maboma yote wanamwendea mwanaume kama huyo, hawaondoki mpaka amtolee mke mtamba na kumwomba radhi. Kumbe yeye mjanja. Alitangulia mahakamani, akakiri, akalipa faini. Tunafika kwake, anatuonyesha karatasi. Kesi imekwisha, anasema, serikali imemaliza.

Karatasi ina muhuri, utabishana nayo vipi? Nashipai akageuka aende zake.

Hapo nikamkumbuka mama. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Jirani yetu mmoja alimng'oa jino kwa ugomvi wa chemchemi. Zamani angeleta kondoo na asali, wakae, wanywe pamoja, yaishe. Lakini wazungu walishatuwekea jumbe, na jumbe akaipeleka faini Mbulu, kwenye Boma yao, ofisi ya serikali. Mama akamwambia mbele ya watu, "Nimepigwa mimi, imelipwa Boma. Haya, Boma ifungue mdomo tuone pengo." Wakamfukuza barazani. Mpaka anakufa hakuteka tena maji pale chemchemini.

Basi nikasimama, mimi mgeni, na Kimasai changu cha kuombea maji. Binti yangu anatafsiri huku ananivuta shuka nikae. Nikamuuliza yule bwana, "Serikali imevunjika mkono upi?"

Bibi mmoja akacheka, wakacheka wote, kisha wakakaa chini mlangoni pake. Jua halijashuka, mtamba yuko kwa Nashipai, na radhi ameomba kwa mdomo wake mwenyewe. Baadaye nikawasimulia ya mama, na sasa wananiita Mama Pengo, na meno yangu yote ninayo!

Nasikia wamekuchagua mzee wa baraza, mahakama ya mwanzo. Nimetembea boma hadi boma nikijisifu. Hakimu akishataja faini akakugeukia, usitikise kichwa tu. Muulize aliyeumizwa anaondoka na nini. Wakikufukuza, utakuwa umefukuzwa alipofukuzwa mama.

Nisalimie wifi yangu, na shangazi wa Ganako, mwambie bado naongea.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni. Dole gumba langu hilo hapo chini.