Salamu Bila Tumbaku

Bukavu, siku ya Mungu, usiku

Kitambaa nimekivua. Kichwa yangu inapata mupepo, na leo nitalala hivi, wazi.

Maman alikuwa anajua!

Mujomba Yozefu alipokufa kule Shabunda mu shimo ya zahabu, munganga wa hospitali alikuwa ametukataza kumupa Maman habari mubaya, sababu ya moyo yake. Basi tulimulilia kwa jirani, tukanyolewa kwa jirani, tukarudi na vitambaa ku kichwa kama watu wanatoka soko. Na kila siku ya Mungu, nikitoka misa, mimi njo nilikuwa namuletea salamu za ndugu yake. Uongo ule ulinichokesha. Nilianza kuogopa hata kumuangalia.

Leo, nikimupa uji, akasema: "Vua hiyo kitambaa, mwanangu. Unateseka na joto bure."

Nilikikaza zaidi.

"Yozefu hakunisalimia hata siku moja bila kuniomba tumbaku. Salamu yako ya kwanza tu, nikajua amekufa."

"Sasa, Maman, sababu gani hukusema?"

"Mulikuwa munajikaza sana. Niliwahurumia. Nilikuwa namulilia usiku."

Kumbe sisi tunamuficha machozi, na yeye anatuficha yake! Tulilia pamoja mpaka uji ikapoa. Na moyo yake haikusimama, Mungu asifiwe.

Nikitaka kuondoa kikombe, akanishika mukono. "Na leo? Hajanisalimia?"

Nilirudisha kikombe chini. Kisha nikasema: "Anakusalimia, Maman. Anasema umutumie tumbaku."

Alicheka, machozi ingali ku mashavu.

"Yozefu huyu! Hata kule bado anaomba!"